Migomba Iliyolazwa Chali

Ma Kokuhirwa alikuwa na tabia moja ambayo mumewe, Ta Kagaruki, aliizoea bila kuipenda: hakuweza kupita penye jambo asilolielewa akaliacha lilivyo. Chungu kikipasuka motoni, alikusanya vigae na kuvichunguza kimoja kimoja kabla ya kukubali kutafuta chungu kingine. Kwa hiyo, kamba ilipokwama mchana ule, na watu waliokuwa wakiivuta wakaketi nyasini wakihema, yeye ndiye aliyeinuka na kwenda ukingoni mwa korongo kutazama.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Walutheri wa Buganguzi walikuwa wamefyatua matofali ya kanisa kwa mara ya pili. Mwaka uliotangulia kuni zilichelewa, mvua ikawawahi, na matofali mabichi yakarudi kuwa tope. Kagaruki, ambaye ndiye aliyewashawishi wenzake waache kujenga kwa matete, alibeba aibu ile kutoka masika hadi masika. Safari hii alikuwa ametamka mbele ya wazee wa kanisa kwamba matofali yakiyeyuka tena, hatashika udongo maishani mwake. Mkewe alimfahamu. Hakuwa mtu wa kutishia; alilolisema alilitenda. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwani.

Kuni zilikuwapo, tena nyingi, ila zilikuwa chini. Rweya, yaani mbuga ya nyasi inayozunguka vijiji, haina miti ya kuchomea tanuri, na mkungu, kiongozi aliyesimamia eneo lile, aliwaruhusu kukata miti ndani ya korongo pekee. Wanaume walishuka, wakakata, wakapasua, wakafunga mizigo. Kupanda nayo ndiko kulikowashinda. Mteremko ule ulitaka mikono na miguu kwa pamoja, na mtu mwenye mzigo kichwani, hata ngata yake iwe nzuri namna gani, hubakiwa na mkono mmoja tu wa kujishikilia. Kijana mmoja, Protase, alijaribu. Sasa alikuwa nyumbani, mguu umefungwa vijiti.

Ndipo Kagaruki alipobuni njia ya kuvuta. Aliomba kila nyumba itoe kutoka kibanja chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka, magogo ya migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, akayapasua katikati kwa urefu, akayapanga mwenyewe, moja baada ya jingine, kutoka chini ya korongo hadi juu. Kamba nene ya katani iliazimwa kwa wavuvi wa kisiwa cha Goziba. Walio chini walifunga mzigo. Walio juu waliivuta kamba wakitembea rweyani kama watu wanaokokota mtumbwi, na mzigo ukapanda ukiteleza juu ya migomba.

Asubuhi ulipanda vizuri ajabu. Mchana ulikataa. Siku ya pili ikawa vilevile: asubuhi heri, mchana kukwama.

“Korongo hili lina mwenyewe,” alisema Rugaibula, mtani wa kijiji, akijipepea kwa jani. “Asubuhi anakwenda shambani. Mchana anarudi kulala, nanyi mnamvutia magogo mgongoni!”

Watu walicheka, ila wengine hawakucheka sana.

“Mwenyewe huyo anakula matoke au viazi?” aliuliza Kokuhirwa.

“Mama wee! Nitajuaje, Ma Kokuhirwa?”

“Basi kama hukijui chakula chake, usinisimulie usingizi wake.”

Alishuka taratibu, akishika mizizi, hadi pale mzigo ulipokwama, penye mwinuko mkali kuliko kwingine. Aliinama akaugeuza kidogo. Chini yake palikuwa pameng’ang’ania nyuzi nyingi za magome makavu ya mgomba. Alizishika, akazisugua kati ya vidole. Zilikwaruza kama gunia. Je, asubuhi zilikuwa wapi nyuzi hizi? Alikumbuka kwamba asubuhi, alipopita pale, umande ulikuwa umelowesha kila kitu, na magome yale yalilala laini. Sasa jua lilikuwa limeyakausha.

Alisogea pembeni ili aone vizuri zaidi. Mguu wake wa kulia ukakanyaga kipande kimoja ambacho kamba ilikuwa imekipindua, na kabla hajasema lolote, alijikuta ameketi, kisha ameketi mahali pengine, hatua kadhaa chini.

“Mwenyewe ameamka!” alipiga kelele Rugaibula kutoka juu. “Amemkokota Ma Kokuhirwa!”

Kokuhirwa alikuwa akilitazama gauni lake, lililolowa utomvu, kisha kile kipande kilichomwangusha. Kilikuwa kimelala chali, tumbo lake jeupe likitazama mbingu, limejaa maji. Vingine vyote, kutoka chini hadi juu, vilikuwa vimelala kifudifudi, migongo yenye magome makavu ikiwa juu.

“Ta Kagaruki!” aliita. “Kwa nini umeilaza kifudifudi?”

Mumewe alichungulia kutoka ukingoni, uso umejaa jasho.

“Ulitaka niilaze vipi?”

“Nakuuliza sababu, waitu,” alisema, akimwita kwa heshima, “sikulaumu.”

“Mgomba hulazwa kifudifudi. Baba yangu aliulaza hivyo, na baba yako pia. Tumbo huelekea udongo ili maji yaingie shinani mwa migomba iliyosimama. Kibanja chenye migomba iliyolala chali ni kibanja cha marehemu asiye na mrithi. Ungependa wapita njia waseme hivyo juu yetu?”

Wavutaji waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyekuwa pale ambaye mikono yake ingepasua mgomba na kuulaza kwa namna nyingine. Ilikuwa imejifunza hivyo kabla ya kujifunza kushika jembe.

“Maji ya tumbo yananywesha nini hapa?” aliuliza Kokuhirwa.

“Nini tena?”

“Kibanjani yananywesha migomba. Hapa korongoni yananywesha nini?”

Kagaruki alitazama mteremko wote, mawe na vichaka, kisha akatazama ziwani, ambako mawingu yalikuwa yameshuka hadi kuvifunika visiwa. Alishuka. Alipofika kwa mkewe, aliinama, akashika gogo la kwanza kwa mikono miwili, akalipindua polepole, kama anayemgeuza mgonjwa kitandani.

“Nisaidie upande ule,” alisema.

Waligeuza yote ya mwinuko mkali, kisha wengine wakashuka kugeuza yaliyosalia. Kamba ilipokazwa tena, mzigo ulijitikisa, ukapanda kwa kasi hata wavutaji wakaanguka chali wote kwa pamoja, Rugaibula chini kabisa. Jua lilikuwa utosini.

Mzigo wa mwisho ulifika juu siku iliyotangulia mvua. Tanuri ilikandikwa udongo, ikawashwa, na manyunyu ya kwanza yalipoiangukia yaligeuka mvuke palepale. Watu walisimama kuizunguka wakiimba, viganja vyao vikiuelekea ule ukuta wa joto.

Kokuhirwa alimtafuta mumewe katikati yao, hakumwona. Alimkuta korongoni, mvua ikimpiga mgongoni. Alikuwa akiigeuza migomba, mmoja mmoja, akiilaza kifudifudi.

“Kazi imekwisha, Ta Kagaruki. Hapa hapana kibanja.”

“Najua.”

Maswali yalimjaa Kokuhirwa. Kisha akapandisha gauni lake, akashuka, akashika upande wa pili wa gogo.

“Ila kama maji haya yatanywesha kitu,” alisema, “mwakani tutakuja kuona ni nini.”