Trei Sita Chini ya Kitanda

Kila Alhamisi Twila Haskett alikwenda kupika kwa shoga yake Arlys. Desturi hiyo waliianza mwaka aliofariki mume wa Arlys. Mume wa Twila alikuwa ametangulia miaka minne nyuma, kwa hiyo Twila alijua kwamba mjane huacha kula kabla hajaacha kulia. Walipeana zamu ya kuchagua chakula, na aliyechagua ndiye aliyekuwa na kauli jikoni siku hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, ingawa Arlys, kwa kuwa jiko lilikuwa lake, aliivunja karibu kila wiki.

Alhamisi moja ya Februari, theluji ikiwa haijaondoka mashambani tangu Krismasi, Twila aliingia kwa mlango wa nyuma na mfuko wa karatasi. Akatoa nyama ya kusaga ya kuwatosha watu sita, kopo la uyoga, chupa ya tomato sosi, na pakiti mbili za unga wa supu ya vitunguu.

"Leo tunapika steki ya Salisbury," akasema, akiwa bado hajavua koti.

Arlys aliichukua pakiti moja, akayasoma maandishi ya nyuma mpaka mwisho, kisha akairudisha mezani taratibu.

"Usianze," Twila akamwambia.

"Sijasema kitu, mwenzangu."

"Pua yako imeshasema."

Arlys akaeleza, kwa upole wote aliokuwa nao, kwamba kwenye friza alikuwa na supu ya mifupa aliyoichemsha Jumapili kutwa, na kwamba uyoga mbichi ulikuwepo, wala hakuona haja ya kumwagia watu unga wa pakiti. Twila akajibu kwamba bila unga wa pakiti hiyo si steki ya Salisbury, ni kitoweo tu cha Wacheki wa kwenu. Walibishana hivyo mpaka vitunguu vyote vikawa vimemenywa, ndipo wakakubaliana: nyama iwe moja, michuzi iwe miwili, kila mtu na kikaango chake.

Wakaichanganya nyama na yai, chenga za mkate na kitunguu kilichoparuzwa. Wakaifinyanga vipande vya umbo la yai, kila kimoja Arlys akikibonyeza kwa dole gumba katikati kisije kikavimba motoni. Vilipokwisha kupata rangi pande zote mbili wakaviepua, kisha kila mmoja akaanza mchuzi wake katika mafuta yaleyale yaliyobaki. Madirisha yakaingia ukungu.

Harufu ilipopanda, Twila akaanza kukumbuka. Akasimulia jinsi yeye na mdogo wake Dale walivyokuwa wakikaa sakafuni mbele ya televisheni, kila mmoja na trei yake ya alumini mapajani, chakula cha boksi kilichonunuliwa kimegandishwa, juu ya taulo ili isimuunguze. Nyama ilikuwa kwenye shimo kubwa, viazi vya kuponda upande huu, mahindi upande ule, na katikati kipande cha keki ya chokoleti ambacho hakikukosa kamwe punje moja ya mahindi iliyopotea njia. Wakati huo mama yao, Maxine, alikuwa kazini. Alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali zamu ya pili. Aliondoka nyumbani saa nane na nusu, akarudi saa tano watoto wamelala. Juu ya kila boksi aliandika kwa penseli saa ya kulitia kwenye oveni, na chini yake: "Shika kwa kitambaa, si kwa mkono." Dale alizikata zile karatasi zenye mwandiko wa mama akazibandika ukutani.

Arlys alikuwa akikoroga mchuzi wake, roho imemlainika. Akasema neno ambalo kwake lilikuwa la huruma tu.

"Maskini Maxine wa watu. Hakuwa na namna. Na nyie watoto mkala ya maboksi."

Twila akaweka mwiko chini.

"Mimi sikuwa mtoto wa kuonewa huruma, Arlys."

"Sikusema kwa ubaya."

"Najua. Hakuna anayesema kwa ubaya. Mji huu umemhurumia mama yangu miaka hamsini, na hakuna jambo linalomuuma kama hilo. Na aliyeanza, nisikufiche, alikuwa mama yako."

Arlys akapunguza moto. Alimfahamu Twila tangu walipokuwa na miaka saba, na katika muda wote huo hakuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Akamwomba aseme lote, asibakishe.

Twila akasema. Walipokuwa na miaka kumi, Jumatatu moja ya likizo, mlango wao uligongwa. Alikuwa ni Ludmila, mama yake Arlys, kilemba kichwani na buti za shambani miguuni, amebeba kikapu. Ndani mlikuwa na mkate mkubwa wa shayiri, chupa ya mafuta ya bata bukini na jamu ya zambarau za kizungu. Maxine alikuwa ndiyo kwanza anajiandaa kwenda kazini. Ludmila akamnyooshea kikapu akasema maneno machache, ambayo Twila, aliyekuwa nyuma ya mama yake, hakuyasahau tena.

"Wewe lisha mtoto wangu. Sasa mimi lisha wako."

Maxine alikipokea kikapu kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango. Akakiweka juu ya jokofu ambako watoto hawafiki, akawaambia kwamba yeye ana mikono miwili na wanawe hawatalishwa na mtu wa shamba aliyekuja kuwakagua. Siku ile alichelewa kazini kwa mara ya kwanza.

Arlys alivuta kiti akakaa. Mchuzi wake ukaanza kushika chini mpaka Twila akamsogezea kikaango pembeni.

"Nilikuwepo," Arlys akasema hatimaye. "Nilikuwa ndani ya gari. Nilijilaza chini ya kiti kwa aibu."

Naye akatoa la kwake, ambalo hata marehemu mumewe hakupata kulisikia. Utotoni, kila Ijumaa alikuwa akienda kula kwa akina Twila, na mama yake alikuwa akiambiwa kwamba amebaki kwa padri kusoma katekisimu. Kwao shambani hapakuwa na kitu cha boksi. Mkate uliokwa nyumbani, siagi ilisukwa nyumbani, hata tambi zilikatwa kwa kisu juu ya meza. Yeye alikuwa akiota ile trei yenye mashimo, kila chakula na chumba chake. Akimaliza kula aliibeba, akaiosha kwenye bomba la zizini, akaificha chini ya kitanda. Zilifika sita. Ndipo mama yake, akibadilisha mashuka, akaziona.

"Alikupiga?"

"Afadhali angenipiga. Nilimwambia zilikotoka, naye hakusema kitu."

Jumamosi yake Ludmila alikwenda mjini peke yake akarudi na maboksi manne. Aliyapasha yote pamoja, akamwekea kila mtu lake. Baba yake Arlys alikula kimya, kisha akauliza mkate uko wapi. Ludmila alimaliza chake chote, akakwangua mpaka pembe za trei, akasema mchuzi una chumvi nyingi. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na sufuria ya kuosha wala sahani, akaenda sebuleni akakaa kwenye kiti cha mumewe, na kabla ya saa moja kugonga akawa amelala usingizi wa pono. Arlys alisimama mlangoni akamtazama. Alikuwa hajapata kumwona mama yake amelala.

"Asubuhi yake akaniuliza yule mama anayefanya kazi usiku anaitwa nani. Akasema, huyo mwanamke ana watoto wawili na hana usingizi, na bado amempa wangu sahani. Akasema lazima tumrudishie. Unajua Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, shambani kwetu wote walisema Kicheki. Basi aliyafanyia mazoezi yale maneno siku nzima akikanda unga. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia aseme hivyo."

Twila alichukua kitambaa akafuta ukungu dirishani, mahali padogo pa kuchungulia.

"Kwa hiyo alikuja kushukuru."

"Alirudi kwenye gari anacheka. Akaniambia, amepokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo akawa anaweka sahani yako kila Jumapili."

"Na mimi nikaambiwa nikukataze usije."

"Wewe uliniambia friza yenu imeharibika."

"Haikuharibika," Twila akasema.

"Nimeijua hiyo leo. Niliisubiri itengenezwe mpaka tukaingia darasa la sita."

Twila akataka kucheka, kicheko kikatoka kimechanganyika na kitu kingine, akalazimika kupenga kamasi kwenye kitambaa cha sahani. Arlys akamwambia kwamba kitambaa hicho sasa ni chake, aende nacho. Urafiki wao ulikuja kufufuka sekondari, walipopangwa benchi moja kwenye bendi ya shule, na kila mmoja, kwa kuogopa kutonesha kidonda, hakugusa tena jambo la zamani.

Maxine alikuwa hai. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, anakaa kwenye nyumba ya wazee upande wa mashariki ya mji, magoti hayamtii lakini kichwa kizima. Arlys ndiye aliyesema wampelekee. Wakaponda viazi, wakavipakua pamoja na nyama, wakaweka michuzi yote miwili kwenye mabakuli yenye vifuniko, wakafika saa kumi na moja kasoro, kabla wazee hawajaitwa mezani.

Maxine alionja mchuzi wa kwanza, akaonja wa pili, akarudia. Twila alikuwa na uhakika kwamba wake ndio utakaopendwa. Mama yake akanyoosha uma kwenye bakuli la Arlys.

"Huu una mifupa. Huo mwingine ni wa pakiti."

"Si ndio uliotukuza, mama?"

"Uliwakuza nyinyi. Mimi nilikuwa nakula kazini."

Arlys alimwacha ale kidogo, kisha akavuta kiti karibu akamweleza habari ya kikapu, toka trei mpaka maneno yaliyofanyiwa mazoezi juu ya unga. Hakuharakisha. Alipofika mahali mama yake alipolala kwenye kiti, Maxine aliacha kutafuna. Arlys alipomaliza, bibi yule aliinyoosha leso juu ya magoti kana kwamba ni shuka la kupigwa pasi.

"Niliula," akasema. "Ule mkate. Nilirudi kutoka kazini mkiwa mmelala, nikakishusha kikapu, nikala nimesimama, na yale mafuta yake. Karibu nusu. Asubuhi nikawaambia nimeutupa."

"Mama!" Twila akasema.

"Ulikuwa mkate mzuri. Sikujua nitaurudishaje mezani baada ya kusema vile." Akamgeukia Arlys. "Yuko hai?"

Arlys akamwambia kwamba Ludmila alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa mavuno.

"Siku ile alikuwa na miaka mingapi?"

Arlys akahesabu. "Thelathini na sita."

"Mimi nilimwona mtu mzima kabisa," Maxine akasema. "Nilikuwa na thelathini na mmoja."

Nje taa za maegesho zilikuwa zimewaka, na mhudumu akapita kwenye ukumbi akiwaita wazee mezani. Maxine akamwambia asimsubiri, yeye ana wageni. Kisha akasogeza sahani mbele, akamwomba Arlys amwongezee viazi, na akipata nafasi amfundishe namna mama yake alivyoukanda ule mkate.