Mkono Juu ya Utosi

Picha ile sikuipenda tangu Derick aliponionyesha. Nilimwambia, naye akacheka.

Derick ni mtoto wa dada yangu Fransiska, anakaa mjini, Njiro, na kazi yake ni kuzurura na kamera akiwapiga picha watu ambao hawajajiandaa. Siku ile alininasa sokoni Kimandolu bila mimi kumwona. Nilikuwa nimeshusha ndizi, nikakutana na mwanamke na binti yake aliyevaa sare za shule. Kwetu Meru mtoto hamsalimii mzee kwa mdomo mtupu. Anainamisha kichwa, nawe unamgusa utosini. Yule binti aliinama bila kuambiwa. Nikamgusa, mama yake akatabasamu, tukaachana. Nilifurahi kutwa nzima kwamba mjini bado wapo watoto waliolelewa.

Kwenye picha, mama hayupo.

"Nimemkata, Mjomba," Derick alisema. "Alikuwa anajaza fremu. Sasa ona: ukuta mtupu, mtoto, wewe na kivuli chako, na mkono unashuka. Mtu lazima ajiulize kuna nini."

"Kuna salamu," nikamwambia. "Basi andika hapo chini kwamba ni salamu."

"Nikiandika nitaiua. Picha ijisemee yenyewe."

Haya, ikajisemea. Siku hizo kulikuwa na uvumi wa wezi wa watoto, na mtu nisiyemjua akaichukua mtandaoni alikoiweka Derick, akaweka maneno yake: Mwangalieni vizuri huyu mzee. Wengine wakaongeza kwamba mtoto ana hofu, ndiyo maana kaficha uso. Derick alipotoa ile nzima, yenye mama, wakasema mama kapachikwa kwa kompyuta. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, hiyo ndiyo shida. Nilitamani kumzaba Derick kibao, mtu mzima na ndevu zake.

Nikashuka tena Kimandolu, maana ndizi zikishaiva hazikungoji. Muuza chai aliyenizoea alinimiminia kikombe bila kunitazama. Vijana wawili wa bodaboda waliangalia simu, wakaniangalia mimi, wakarudi kwenye simu.

"Koti lile lile," mmoja akasema.

Nina koti moja la mjini, nivae lipi lingine?

"Mzee, unakaa wapi?" akauliza. Hakuniamkia. Kijana wa umri ule, wala shikamoo.

"Meru."

"Meru kubwa. Meru wapi?"

Akainua simu akanipiga picha, taratibu, kama mtu anayepima nguo. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nikaiacha chai, nikaziacha na ndizi, nikapanda kwa njia za mashambani hadi nyumbani, nikigeuka kila penye kona.

Mjukuu wangu Hanna alikuwa uani, peke yake. Wakati huohuo nikasikia pikipiki zikipanda mlima, na si moja. Hanna akanikimbilia kama kawaida yake, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

Hapo nikatuona kama Derick anavyoona. Migomba nyuma yetu imesongamana kama ukuta. Mtoto. Kivuli changu. Kilichobaki ni mkono tu, na huo nikautia mfukoni.

Pikipiki zilikuwa mbili. Zilipofika kwenye lango langu zikapunguza mwendo, na aliyekaa nyuma akainua simu akaielekeza uani. Wakaendelea kupanda. Njia ile inaishia msituni, hakuna pa kutokea, kwa hiyo ni lazima wateremke tena kupitia hapa kwangu.

Hanna alikuwa bado ameinama.

"Babu," akasema akitazama chini, "mimi nimekusalimia."

Nilisikia aibu iliyonichoma. Mtoto ananipa heshima yangu, nami namhesabia kama kosa. Niliutoa mkono haraka nimguse kabla hawajarudi, lakini nadhani ulishuka kwa nguvu, maana nilikuwa natazama njiani badala ya kumtazama yeye.

Hanna akaruka nyuma, akajikinga kichwa kwa mikono yote miwili, akaniangalia kwa hofu ile ile ambayo watu waliapa wameiona kwenye picha.