Kizibo cha Kihori

Nahodha wetu alinipiga kasia la mdomo kwa sababu nilikiita kihori cha meli boti.

"Boti nini? Hiki ni kiatu cha meli!" alifoka. "Unakivaa kwenda nchi kavu, ukirudi unakivua!"

Nilitema jino. Kaka yangu, fundi wa injini, akamkaba shati na kumwambia leo utanitambua. Nahodha akamshushia kasia kichwani mara tatu, hata baada ya kaka kuanguka. Damu ikatapakaa sitahani. Alipoona kaka hatikisiki, akateremsha kihori majini, akarukia ndani, akapiga kasia lile lile kukimbilia pwani.

Haraka ilimpofusha, mshenzi yule. Kila tukipandisha kihori melini tunatoa kizibo cha chini ili maji ya mvua yatoke, na aliyekitoa hukaa nacho. Safari hii nilikitoa mimi.

Hakufika mbali. Maji yalimfika magotini, na kuogelea hajui.

"Kizibo, mdogo wangu!" alilia. "Nirushie kizibo!"

Nilikuwa nacho mfukoni. Kwanza nilimfumba kaka macho, kisha nikasogea ukingoni.

"Kiatu chako hicho, nahodha," nikamwambia. "Kivae."