Mchongoma wa Mama Mkwe

Mokami alikuwa amechuchumaa mlangoni akimenya mihogo pale mchongoma ulipoingia uani, mizizi yake imejaa vumbi la njiani. Aliutambua mara moja. Ulikuwa ule ulioota juu ya kaburi la mama mkwe wake, Rhobi, kwenye boma la zamani ambalo sasa limo ndani ya hifadhi.

"Shikamoo, mama," alisema, akaenda kuuletea maji.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Katika ukoo wa marehemu mumewe, ukihama unasimama kaburini na kumwita aliyelala pale kwa jina, akufuate. Siku walipohamishwa alimwita. Angewezaje kumwachia nyumbu mama wa watu? Na Rhobi hakuwa mtu wa kusubiri kuitwa mara mbili.

Msimu ule walikula vizuri. Esta, binti yake, alichuma matunda mpaka meno yakawa zambarau, na machipukizi yakapikwa mboga. Kisha akaja Ndalahwa, askari wa wanyamapori, na bikoni za saruji za kuwekea mpaka nyuma ya gari. Alikuwa na adabu zake.

"Mama, huu mmea ni wa hifadhi."

"Ni mama mkwe wangu."

"Pole sana. Lakini ulipo, ndipo hifadhi ilipo. Mimi natumwa tu."

Akachimbia bikoni nyuma ya choo, upande wa barabara, akaomba maji ya kunawa. Mwenyekiti wa kijiji aliitwa. Akauamkia mchongoma, akakubali kwamba ni Rhobi kabisa, hata kwa kule kuinama upande mmoja. Kisha akaizunguka bikoni, akaenda zake.

Wakafunga virago tena. Mokami alimkataza Esta asitamke jina la bibi yake. Yeye mwenyewe aliupita mchongoma ameuma midomo, bila kuaga, na hakuwahi kuona aibu kama ile maishani. Mwiba ukanasa kanga yake. Akaunasua polepole, kama anayeondoa mkono wa mgonjwa, machozi yakimtoka, wala hakuita.

Walipofika barabara ya Natta, Esta akageuka.

"Mama, bibi anakuja."

"Tembea."

Nyuma yao mizizi ilikuwa ikiburuzwa kwenye changarawe, taratibu, kwa mwendo wa mzee. Na nyuma ya mizizi, Ndalahwa alikuwa ameshaing'oa bikoni, anaipakia garini.