Maoni ya Binti Mkandaa

Kwenye ukurasa wa Mawimbi Habari watu walimjua kwa jina la Binti Mkandaa, na wengi waliapa kwamba ni mwanamume. Mmoja alisema ni wakili wa Dar es Salaam, mwenye kiyoyozi na muda wa kuchezea. Hakuna aliyedhani kwamba maoni yale yaliandikwa na Sijaona, mjane wa miaka hamsini na mbili wa kitongoji cha Kilindaji, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, akiwa amekaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa nyuma ya chanja ya kukaushia samaki. Hapo ndipo mahali pekee Kilindaji ambapo simu hushika mtandao bila kubembelezwa.

Juu ya mtumbwi ule Sijaona alikuwa na neno kwa kila jambo. Ikitangazwa simu mpya ya bei mbaya, aliandika: "Ina macho matatu na bado haimwoni mwenye njaa." Watangazaji wa runinga wakigombana: "Hawa wape ngalawa moja uone. Wote watashika usukani, wa kutoa maji hayupo." Na wanasiasa wakianza safari zao: "Mgombea akija na boti tatu za wapambe, mwulizeni zilikuwa wapi siku ya mgonjwa." Watu mia tatu, mia nne, walimbonyezea kidole gumba, naye akashuka mtumbwini akaenda kupindua samaki wake.

Elimu yake ilikuwa darasa la saba, na juu yake miaka sita ya kazi za ndani Mbagala, ambayo ni chuo kisichotoa cheti. Huko aliwahi kupokea ujumbe kwamba ameshinda gari. Akachinja jogoo, akaalika majirani. Jogoo aliliwa, salio la simu likaondoka, gari mpaka leo liko njiani. Tangu siku hiyo aliapa kutoamini chochote kinachoonekana kwenye kioo mpaka akinuse kwa pua yake.

Ndiyo maana Jumatatu moja Mawimbi Habari walipoweka picha ya gati jipya la Kilindaji, na chini yake maneno "limekamilika, wananchi wapongeza", Sijaona aliisogeza simu karibu na uso. Yeye ni mwananchi, na alikuwa hajapongeza. Mkandarasi alikuja mwaka uliopita, akashindilia nguzo nne na bango, akasema anakwenda kula sikukuu. Sikukuu ya mwaka gani, hakusema.

Akaandika: "Gati hilo ni zuri sana, nami naomba nielekezwe lilipo, maana naishi hapo. Maji yetu yana rangi ya chai ya maziwa, hayo yenu ya buluu mmeyatoa kwenye sabuni. Nguzo hazina hata chaza mmoja. Na huo mti wenye mizizi ya mkoko na matawi ya mnazi, ukiuona mahali piga dua. Picha imechorwa na akili mnemba, habari imeandikwa na akili iliyolala."

Watu wakacheka mpaka ukurasa ukaelemewa. Lakini wapo waliokasirika. "Huyu yuko Sinza anakula chipsi," aliandika mmoja. Na mwandishi mwenyewe wa habari ile, kijana anayeitwa Lucas, akajibu hadharani: "Binti Mkandaa, kama kweli uko Kilindaji, jitokeze. Nakuja na mhandisi anayekagua miradi, na taarifa yake ndiyo ya mwisho. Akisema gati linahitajika, mkandarasi atarudishwa kazini. Akisema halihitajiki, mradi unafutwa na wewe ufute maneno yako. Taja siku."

Hapo kicheko kilimkauka Sijaona. Gati lile kwake halikuwa mada ya kuchangamsha baraza. Mwaka juzi alishika pembe moja ya machela iliyombeba mdogo wake Mwajabu kwenda kwenye boti, maji yakiwa yametoka na tope limewafika mapajani. Machela haikufika. Mtoto alizaliwa katikati ya tope, mama mzazi na mama mkubwa wakiwa wamenasa kama vigingi, na alipolia wote wakalia naye. Walimwita Faraja. Mambo yangeweza kwenda vingine, na kaburi moja au mawili ndiyo yangepewa majina.

Basi akataja siku. Na hapo ndipo akili zake zote za mtandaoni zilipomkimbia, ikabaki ile ya ukoo. Kilindaji wana desturi: mgeni wa heshima hapokelewi na tope. Bibi harusi, shehe wa maulidi, hata marehemu anayerudishwa kwao kuzikwa, huingizwa na maji yaliyojaa, boti ikafika mpaka kwenye kizingiti cha mtaa. Kumburuza mgeni topeni ni aibu inayorithiwa. Sijaona, kwa fahari ya kwao, akaandika: "Njooni siku mbili baada ya mwezi mpevu, saa moja asubuhi. Mtashukia mlangoni."

Wakaja. Na kweli wakashukia mlangoni.

Lo, bamvua ya siku ile! Maji yalijaa yakalamba ngazi ya msikiti. Boti ya nahodha Idrisa iliteleza kati ya mikoko kama kisu kwenye ndizi mbivu, ikasimama kwa adabu mbele ya kanga zilizotandazwa. Mhandisi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole aliyeitwa Wilhelmina, mtu wa Songea, alishuka na viatu vyake vyeusi vya kung'aa bila tone moja la maji. Nyuma yake akaruka Lucas, viatu vyeupe kama maziwa, simu mkononi, anarekodi.

"Shikamooni wazee," alisema Lucas. "Binti Mkandaa yuko wapi?"

Bwanaheri, mwenyekiti wa kitongoji, akaelekeza kwa kidevu. Lucas akamtazama Sijaona, kisha akachungulia nyuma yake.

"Usinitafute nyuma, mwanangu," alisema Sijaona. "Nyuma ni mbuzi."

Watu wakaangua kicheko, Lucas naye akacheka kwa haya. Lakini mama mhandisi alikuwa anatazama boti, anatazama ngazi, anatazama viatu vyake.

"Mama yangu," akasema taratibu, "gati sijaliona, nguzo nne nimeziona, na Lucas ataomba radhi kwa picha yake. Ila nitasema ukweli. Boti imefika mlangoni. Kuna vijiji vyangu watu wanatembea nusu siku kuifuata barabara. Hapa niandike gati la nini?"

Moyo wa Sijaona ulianguka puu, kama nazi. Aliyatazama yale maji mazuri, yaliyojaa, yaliyotulia, yanayomsaliti kwa tabasamu. Bwanaheri akamsogelea sikioni.

"Sijaona, umetuingiza mjini."

"Nimeona, shemeji. Ninyamazie."

Idrisa nahodha akakohoa. "Mama mhandisi, hapa tuna saa moja tu. Ikizidi itabidi boti niipeleke nje mkondoni."

"Saa moja yatosha," alisema Wilhelmina. "Saa nane nina kikao Kibiti."

Maji ya bamvua hujaa sana na hutoka sana, na hayamuagi mtu yeyote. Sijaona alipiga hesabu: alihitaji saa tatu. Akajiuliza, mtu anayeweza kubishana na watu mia nne asiowaona, atashindwa na wawili waliokaa mkekani?

"Basi saa moja hiyo mle," akasema. "Mgeni hatoki Kilindaji na tumbo la safari."

Vikaja vitumbua, vikaja kamba wa nazi na mihogo, ikaja chai. Na Sijaona akatia chambo.

"Mwanangu Lucas, ile habari uliiandika umekaa wapi?"

"Ofisini, Kibiti."

"Kiti kina magurudumu?"

"Kina."

"Ndiyo maana ilikuteleza."

Lucas akanasa. Akaanza kujitetea kwamba siku hizi habari ni mbio, ukichelewa dakika tano mwenzako amekutangulia. Sijaona akamwuliza, kwani mwenzako huyo akitangulia kwenye shimo, nawe unakimbilia zawadi gani? Lucas akasema wasomaji hawataki habari ndefu. Sijaona akasema hata mgonjwa hataki sindano. Ikaletwa sahani ya pili ya vitumbua.

Mama mhandisi alitazama saa. Huyu alikuwa samaki mzito, hali chambo cha kelele. Sijaona akamlegezea uzi.

"Hivi mama, simu yako ikikwambia mbele kuna njia, na macho yanaona maji, unafuata lipi?"

Wilhelmina akatua kikombe. "Usinikumbushe," alisema, na uso wake ukafunguka. "Ilinipeleka katikati ya shamba la mpunga kule Umwe, inaniambia umefika. Nimefika wapi? Vyura wananitazama!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akasimulia ya pili, na ya tatu ya dereva wake aliyemwamini huyo dada wa kwenye simu kuliko mkewe.

Kule nyuma, Idrisa alifungua kamba polepole. Macho yake yalikutana na ya Sijaona. Alisukuma boti kwa upondo, ikaondoka kuelekea mkondoni kama mtu anayetoka msikitini kabla ya mawaidha kwisha.

"Kisha unakuja uchaguzi," aliendelea Sijaona, akimimina chai. "Kura zetu zinaondoka kwa boti, matokeo yanarudi kwa boti. Ahadi peke yake ndiyo hupanda helikopta, nayo ikifika inakuta hakuna pa kutua."

"Hilo siwezi kulisemea," alisema mama mhandisi, lakini alikuwa anatabasamu. "Mimi mtumishi."

"Hulisemei, mama. Unalisikiliza tu. Kamba mwingine huyu."

Wakabishana kama vijana wa leo wanasoma au wanatazama picha tu. Wakabishana kama mashine inaweza kuandika taarifa ya ukaguzi, na hapo mama mhandisi alipandisha sauti, kwa sababu kuna kijana wa ofisini kwake alikwisha kujaribu. "Mashine imeandika daraja liko imara," alisema, "daraja lenyewe halijajengwa!" Sijaona akampigia makofi. Alikuwa amesahau kwamba anafanya hila. Mazungumzo yalikuwa matamu kweli.

Ni Bwanaheri aliyekohoa mara tatu. Wote wakageuka.

Maji hayakuwapo.

Pale boti ilipoegeshwa palikuwa na tope jeusi linalometa, kaa wamekwisha kutoka kuota jua, mizizi ya mikoko imesimama wazi kama miguu ya watu waliopandisha nguo. Mkondo ulionekana mbali, uzi mwembamba, na boti ya Idrisa juu yake ndogo kama kiberiti.

Mama mhandisi alisimama.

"Mama Sijaona. Umenichelewesha makusudi."

"Makusudi kabisa, mama," alisema Sijaona, na safari hii hakutania. "Nilikuita wakati wa maji kwa sababu mgeni wetu hakanyagi tope. Nilikosea. Nilikuonyesha Kilindaji iliyovaa nguo ya Idi. Hii sasa ndiyo ya siku zote, mara mbili kila siku. Ukitaka kusubiri maji, yatarudi alasiri, na wali wa mchele mpya upo. Ukitaka kuwahi kikao, njia ndiyo hiyo. Mdogo wangu aliifuata akiwa na uchungu."

Akamwonyesha Faraja, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anamvua kamba ganda, na akamweleza alikozaliwa. Hakurefusha. Kwenye maoni yake pia, yale ya kweli yalikuwa mafupi.

Wilhelmina akavua viatu vyake vya kung'aa, akampa Bwanaheri. Akapandisha sketi.

"Tukuletee machela, mama?" aliuliza Sijaona.

"Hapana. Nataka kupima."

Wakaingia. Hatua ya kumi tope lilifika magotini. Ya thelathini, mapajani. Sijaona alimshika mama mhandisi mkono mmoja, Mwajabu mwingine, wanamfundisha kukanyaga penye mizizi. Alihema, alitaja watakatifu wa kwao wote, lakini hakurudi nyuma. Lucas alikuja nyuma anarekodi na viatu miguuni, maana alisema vina soli nzuri. Katikati ya safari mguu ulitoka, kiatu kikabaki. Alipoinama kukitafuta, tope lilikuwa limekwisha kujifunga, laini, kama halijala kitu.

Mama mhandisi alisimama palepale, tope karibu na kiuno, akatoa daftari kwenye mkoba uliokuwa kichwani kwa Mwajabu. "Kutoka ngazi mpaka hapa, dakika ishirini na sita," alisema huku akiandika. "Mtu mzima, mzima wa afya, mikono mitupu." Kalamu ilitua. Akaandika neno moja zaidi, akalipigia mstari mara mbili, akamgeuzia Sijaona daftari alisome mwenyewe.

LINAHITAJIKA.

Sijaona alilisoma mara mbili, herufi kwa herufi. Alisimama wima, tope na yote, kama mama wa bwana harusi.

Jioni alipanda mtumbwini. Lucas alikuwa ametimiza neno: ameomba radhi, ameweka picha ya kweli, mama mhandisi amesimama topeni na daftari, na nyuma yake wanawake wa Kilindaji. Watu elfu mbili walikuwa wamekwisha kuiona. Na wa kwanza kutoa maoni, yule yule wa chipsi za Sinza, aliandika: "Picha feki hii. Tope gani hilo? Akili mnemba tupu."

Sijaona akacheka hadi mtumbwi ukalia. Kule ng'ambo, Bwanaheri alikuwa amekwisha kukifukua kiatu maji yakiwa bado nje, akakitundika juu ya nguzo ya kwanza ya mkandarasi, kimoja, kisicho cheupe tena.

Akapiga picha, akaandika: "Kiatu cha mwandishi kiko huku kwetu, namba arobaini na mbili, mguu wa kushoto. Anayesema hakuna tope aje akichukue. Sisi tutakitunza mpaka gati likamilike, mwenyewe akifuate kwa miguu mikavu." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kubishana na dunia, akashuka mstari mmoja chini ya maneno yale, akaandika jina lake kamili na la kitongoji chake.