Mpishi wa Kufungua Makopo

Siku Idara ya Uhamiaji ilipopiga simu kuuliza kama kweli mimi ni mpishi, niliwajibu kwamba mimi kazi yangu ni kufungua makopo tu. Baa nzima ikaangua kicheko. Na mimi, bwege nisiye na mfano, nikarudi jikoni nikitembea kwa madaha, nikijiona nimekuwa mwenyeji wa Warrabeel.

Jina langu Saju Kurian, mzaliwa wa Kottayam kule Kerala, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipika katika hoteli ya Glenys Hartnell. Kuiita hoteli ni kuipamba. Ni baa yenye vyumba vya kulala juu ambavyo halali mtu, katikati ya mashamba ya ngano ya Victoria. Kwa kuwa wapishi wa Melbourne hawataki kuja kuishi na nzi wetu, serikali ina kibali cha kazi cha mikoani, ambacho mwajiri ndiye anayekudhamini. Glenys alinidhamini. Kibali kikitoka, mimi na mke wangu Lissy na binti yetu Annu tungebaki. Kisipotoka, tungefunga mizigo, na Annu angeondoka kwenye mji pekee anaoukumbuka.

Sasa, watu wa Warrabeel wana tabia yao: mtu wakimpenda, wanamtukana. Wiki yangu ya kwanza Glenys alionja supu yangu, akafikiri, akasema, "Haya, sijafa bado." Nilikwenda nyumbani nikamwambia Lissy tumefukuzwa kazi. Kumbe nimesifiwa! Mzee Merv Tuckwell, mkulima mstaafu aliyeoa kile kiti cha mwisho wa kaunta, kila Alhamisi hula mchuzi wangu wa kondoo, anauita dawa ya magugu, kisha anaomba sahani ya pili. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapa ukitukanwa unajibu. Siku nilipomwambia, "Mzee Merv, kwa meno hayo uliyobakiza, nikusagie kabisa?" alifurahi hadi akaninunulia bia. Na jambo moja halisameheki kwao kamwe, nalo ni mtu kujisifu mbele za watu. Mwizi wa kondoo ana nafuu.

Kwa hiyo simu ile ilipolia Ijumaa mchana, wakati wa samaki na chipsi, baa ikiwa imejaa, Glenys aliipokea kama anavyopokea simu zote.

"Saju? Mpishi? Mwanangu, huyo anaunguza hata maji. Tumemweka jikoni ili panya wapate wa kumcheka." Kisha akanipigia kelele kupitia dirisha la jikoni. "We Saju! Njoo! Idara ya Uhamiaji wanataka kujua kama wewe ni mpishi!"

Watu wote wakageuka. Nilishika simu. Sauti ya dada mmoja, ya upole, ikaniuliza kama ni kweli mimi ndiye mpishi wa hoteli ile. Jibu lilikuwa neno moja tu, ndiyo, na mtoto wa chekechea angeliweza. Lakini Merv alikuwa ananitazama. Glenys alikuwa ananitazama.

"Mpishi ni neno kubwa hilo, dada," nikasema. "Mimi nafungua makopo tu."

"Na unafanya kazi saa ngapi kwa wiki?"

"Nikiweza kukwepa, hata moja sifanyi."

Merv alipiga meza kwa kicheko. Dada yule akasema asante sana, akakata.

Nyumbani Lissy alikuwa anamsuka Annu nywele. Nilimsimulia yote, kwa sauti zote, hata ile ya Glenys. Mikono yake ikasimama.

"Baba Annu. Uliwaambia hivyo Idara?"

"Walicheka sana, mama."

"Nani alicheka? Huyo dada wa Idara alicheka?"

Nikafikiri. "Hapana. Yeye alisema asante."

Lissy aliendelea kusuka. Annu alilia kwamba nywele zinavutwa.

Maombi yetu yakakataliwa. Sababu zilikuwa wazi: mwajiri anasema mwombaji anaunguza maji, na mwombaji mwenyewe amekiri kwamba kazi yake ni kufungua makopo, tena huikwepa. Nilimpelekea Glenys simu yangu asome barua ya Idara. Alivaa miwani, akasoma amesimama, akasoma tena amekaa. Halafu akaingia kwenye chumba baridi cha mapipa ya bia na kujifungia. Alipotoka pua ilikuwa nyekundu.

"Hawa watu hawana akili?" akauliza.

"Wanayo, bosi. Tusio na akili ni sisi wawili."

Tulikata rufaa. Mwanasheria wetu, Dimitra Kallis, alikuja kwa gari kutoka Ballarat, akaomba kahawa, akatuweka chini. Akasema kwenye baraza la rufaa kuna mtu mmoja tu wa kutusikiliza, atafungua jambo upya, na ataamua mwenyewe kama mimi ni mpishi. Menyu zangu zote alikuwa nazo, na vyeti vyangu, na hati za mishahara. Kilichobaki ni lile doa la simu.

"Saju, wewe utasema wewe ni mpishi hodari. Glenys, wewe utasema Saju ni mpishi hodari. Bila utani. Basi."

"Hayo tu?" akasema Glenys.

"Hayo tu."

Nimeshaona watu wakivuta trekta kutoka kwenye matope. Hilo la trekta lilikuwa jambo jepesi zaidi. Tulifanya mazoezi asubuhi kabla ya kufungua, Merv akiwa hakimu, maana alikuwa na kiti tayari. Glenys alikuwa akisimama mbele ya mabomba ya bia na kuanza, "Saju ni mpishi... si mbaya."

"Si mbaya haitoshi," Dimitra alisema kwenye simu.

"Hapa kwetu hiyo ndiyo ya juu kabisa! Mume wangu sikumpa hiyo!"

"Yule anayesikiliza hakai huko kwenu."

Alijaribu tena. Alifika hadi "ho", akashikwa na kikohozi, akanywa maji, akasema labda ana mafua. Nami sikuwa bora kuliko yeye. Lissy alinisimamisha mbele ya kioo chumbani, nikatamka, "Mimi ni mpishi hodari," na yule mtu wa kwenye kioo akanitazama kama anayetaka kunikopa.

"Baba," Annu akasema kutoka mlangoni, "ukisema hivyo shuleni watakuzomea."

Siku ya kusikilizwa tuliketi katika chumba kidogo cha maktaba ya mji, mbele ya skrini. Yule wa barazani, Bwana Faulds, alikuwa Melbourne, mtu mkavu mwenye tai. Glenys alisubiri nje kwanza, kwa kuwa ni shahidi. Lissy alikaa nyuma yangu, nami nilihisi macho yake kwenye kisogo.

"Bwana Kurian," akasema, "wewe ni mpishi mzuri?"

"Najaribujaribu," nikasema.

Dimitra akafumba macho. Nyuma yangu Lissy alitoa sauti kama birika linaloanza kuchemka, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Nilijikaza. Nilimweleza Bwana Faulds kwamba mchuzi wa nyama choma ya Jumapili naanza kuuchemshia mifupa Jumamosi, kwamba naagiza nyama mwenyewe na kuirudisha ikiwa si safi, kwamba mwaka wa gharika, barabara zilipofungwa, nililisha mji mzima kwa kilichokuwamo ghalani. Nilisema kwamba ndiyo, mimi ni mpishi, na ni mpishi mzuri. Nilitokwa na jasho kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Kisha Glenys akaitwa. Alikuwa amevaa lile gauni lake la mazishi, kwa kuwa hana jingine. Akaapa. Bwana Faulds akamsomea maneno yake mwenyewe, ya maji na ya panya.

"Ulisema haya?"

"Nilisema."

"Yalikuwa kweli?"

"Hata kidogo."

"Basi kwa nini mwajiri aiambie serikali uongo kuhusu mtu anayemdhamini?"

Glenys aliubana mkoba wake. "Mheshimiwa, mimi nina watu ninaowasemesha kwa adabu. Yule wa kodi. Meneja wa benki. Mke mpya wa aliyekuwa mume wangu, huyo namwambia tafadhali na asante mpaka meno yananiuma. Nikikusemesha kwa adabu, ujue nataka uondoke. Huyu," akanionyesha kwa kidole bila kunitazama, "huyu sijawahi kumwambia tafadhali."

Bwana Faulds aliandika kitu. "Naelewa. Lakini ninahitaji kusikia kazi yake ikoje, bila mzaha."

Glenys alinitupia jicho, akageukia skrini.

"Siwezi akiwa ananitazama."

"Samahani?"

"Huyu asinitazame, mheshimiwa. Ataniudhi."

Bwana Faulds alinitazama, akamtazama Dimitra, akashusha pumzi. "Bwana Kurian, una haki ya kuwapo hapa. Ungeridhia kugeuza kiti chako?"

Ndivyo nilivyosikiliza hatima yangu, nikiwa nimeikabili rafu ya vitabu vya kufuga kuku.

"Bwana Kurian," Glenys alianza, na sauti yake sikuitambua, "ni mpishi bora kuliko wote niliowahi kuajiri. Kabla yake jiko langu lilikuwa limefungwa, na watu walikuwa wanakunywa bila kula na kuendesha magari kwenda makwao. Sasa wanakuja na watoto. Mama yangu alipokuwa anakaribia kufa alikataa kula kila kitu, isipokuwa uji wa mchele anaoupika Bwana Kurian. Alimpelekea mwenyewe, kila jioni, hadi mwisho. Hakuniambia. Nilijua kutoka kwa manesi. Ni mtu mwaminifu. Akiondoka nitafunga jiko, kwa kuwa sitaki mwingine. Ni hayo tu, mheshimiwa. Asante."

Nililia mbele ya kuku wale wote. Kwa furaha, ndiyo, lakini na kwa hofu pia. Watu hawa humsifu mtu waziwazi siku moja tu, akiwa ndani ya jeneza. Isitoshe alikuwa ameniita Bwana Kurian, na alikuwa ametoka kueleza kwa kiapo adabu yake maana yake nini.

Bwana Faulds alitoa uamuzi palepale. Kukataliwa kukatenguliwa, faili likarudishwa Idarani liangaliwe upya, kwa kuzingatia kwamba mimi ni mpishi. Lissy alinikumbatia hadi mbavu zikalia. Glenys alinipa mkono.

"Hongera, Saju," akasema, akaondoka.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Glenys akawa mpole. "Saju, tafadhali, meza ya pili." "Asante, Saju, kwa chakula kizuri." Alikuwa hanitazami usoni. Merv naye, aliyekuwa amesikia habari zote, alikula mchuzi wangu Alhamisi bila kutaja magugu. Nilimwambia Lissy kibali kitatoka na kazi itakwisha, maana yule mama hanitaki tena.

"Ana aibu," Lissy akasema. "Kakufungulia moyo mbele ya serikali. Mpe muda."

"Na kama aibu haitaisha?"

"Basi utakuwa umesifiwa. Watu hawafi kwa hilo."

Yeye hakujua. Nilikuwa nakufa.

Simu ikalia tena Ijumaa moja, baa ikiwa imejaa. Glenys aliipokea. Nilimwona akinyooka mgongo, akitoa taulo begani.

"Ndiyo. Ndiyo, mama. Bwana Kurian ndiye mpishi wetu mkuu. Kila siku isipokuwa Jumatatu. Naam, yupo." Akanipa simu dirishani kwa mikono miwili, kama anayepitisha sahani ya sadaka kanisani.

Watu wote walikuwa wamegeuka. Hata ile mashine ya kamari ilinyamaza. Merv aliweka glasi chini. Nilijua wote wananisikiliza, nikajua pia Annu yuko shuleni, na begi lake liko kwenye ndoano yake ileile.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni mpishi mkuu. Ni mpishi hodari sana."

Yule dada wa Idara akasema asante sana. Nikaweka simu. Uso ulikuwa unaniwaka, nikatamani sakafu ipasuke.

Kisha kutoka nyuma ya kaunta ikaja sauti niliyoikosa kwa wiki kadhaa.

"Hodari!" akafoka Glenys. "Mmemsikia? Hodari *sana*! Na hivyo viazi vinavyotoa moshi huko nyuma vinapikwa na nani, we mchoma maji? Bibi yako?"

Baa ikalipuka. Merv aligonga meza na kuitisha dawa yake ya magugu, ingawa ilikuwa Ijumaa. Nilikimbilia jikoni.

Kibali kilitoka baadaye, na siku hiyo aliyelia ni Lissy. Mimi nilikuwa nimeshalia ile Ijumaa, nimeinamia karai la viazi vilivyoungua kweli, nikawaambia wasichana wa kuosha vyombo kwamba ni vitunguu.