Mguu wa Mama Mkwe

Masunga, mpimaji kwenye mradi wa vidonda, alipewa orodha ya wagonjwa wake Jumatatu asubuhi, na macho yalipofika kwa mgonjwa namba kumi na saba, chai ikampalia. Minza Mboje, miaka hamsini na minane, kidonda mguu wa kushoto, makazi ya wafugaji ng'ambo ya Mwazye. Kina Minza duniani ni wengi, lakini Minza Mboje wa ng'ambo ya Mwazye ni mmoja tu. Ndiye aliyemzaa Kija, na Kija ndiye mke wa Masunga.

Sasa wewe usiyetoka Usukumani utauliza, kwani kuna nini hapo? Si afadhali mtu amhudumie wa kwake? Hebu ngoja kwanza. Kwa watu wa kina Masunga, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani ovyo. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini ampishe. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, haingii chumba anacholala. Vijana wa mjini wameanza kulegeza, wengine mpaka wanapiga picha na wakwe zao, lakini Masunga alioa kwa ng'ombe ishirini na wawili, na mzee Maganga, baba mkwe, hana mchezo na mila. Halafu leo aushike mguu wa mama mkwe, aufunue, aukodolee macho akiwa na rula mkononi! Heri aambiwe apite sokoni uchi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kitambaa. Daktari Fortunata, binti wa wakulima wa ulezi wa hapohapo Ufipa, aliyesoma mpaka vitabu vikaomba poo, alikuwa anajaribu tiba ya vidonda ndugu, vile vinavyokaa na mtu miaka na miaka. "Mishipa inayorudisha damu juu ikilegea, damu inatuama miguuni," aliwafundisha wapimaji wake. "Ngozi inachoka, inapasuka, na ikishapasuka bakteria wanahamia na familia zao." Kitambaa kilitengenezwa maabara, kikapakwa utando uliotokana na magamba ya kamba wa baharini. Kazi zake mbili: kuwadhoofisha bakteria ili kinga ya mwili iwamalize, na kutoa taarifa. Kikibaki cheupe, mambo shwari. Kikigeuka zambarau, bakteria wameizidi nguvu kinga, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kila wiki mpimaji alipaswa kukifungua kidonda, kuchora ukingo wake kwenye karatasi ya nailoni yenye miraba, kuchukua ute kwa kijiti cha pamba, kisha kufunga kitambaa kipya. Kazi ya nusu saa.

Masunga angeweza kusema kwamba huyo ni mkwewe, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Obed, mwenzake, ndiye aliyemsajili mama yule na kumpima mara ya kwanza. Wangebadilishana njia, basi. Lakini siku ya usaili Masunga alijipiga kifua: "Daktari, makazi yote ya wafugaji niachie mimi. Lugha ninayo, watu ni wangu, hakuna boma litakalonishinda." Arudi leo kusema boma la ukweni limemshinda? Na huyo Obed, Mfipa mwenye mdomo, angemfanya gumzo la ofisi mpaka mavuno. Masunga akakunja orodha, akaitia mfukoni.

Jumatano akapanda pikipiki kutoka mjini Mazwi, baridi ya asubuhi ikimpenya kwenye koti. Akafika, akasimama nyuma ya nyumba, mgongo ameupa ukuta.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mkwe wangu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Kija hajambo? Na mtoto?"

"Hawajambo. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu mzima tu."

Akaweka kitambaa kipya, kijiti cha pamba na kichupa chake juu ya jiwe mlangoni, akarudi nyuma ya nyumba. Akamweleza kwa sauti apanguse kidonda kwa kijiti, akitie kwenye kichupa, akirudishe jiweni, kisha ajifunge kitambaa kipya. Mama akafanya. Ila kidonda kilikuwa kinauma, tena hakuna aliyemwonyesha mahali hasa pa kupangusa, basi akapangusa ngozi nzima ya pembeni. Masunga naye akachutama, akaweka nailoni mpya juu ya ule mchoro wa Obed, akachora duara ndani yake, dogo kidogo. Akahesabu miraba. Sentimita za mraba kumi na mbili na nusu, kutoka kumi na nne. Akajiambia ni wiki hii moja tu.

Wiki moja, eti! Uongo haujui kwenda peke yake. Wiki ya pili akaandika kumi na moja, ya tatu tisa na nusu. Wagonjwa wake wengine kumi aliwapima kwa haki, akipiga magoti kwenye matope, akiwabembeleza wazee wa watu waliokuwa wakilia kwa maumivu. Huyu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimponyesha kwa kalamu. Na Kija, ambaye alikuwa na kichanga na hawezi kusafiri, alimuuliza kila Jumatano jioni, "Mama umemwonaje?" Naye akajibu, "Anapona." Akila ugali, macho ameyatia kwenye mchuzi.

Wiki ya nane Daktari Fortunata akaita kikao. Akabandika ukutani jedwali la wagonjwa wote, akaweka kidole kwenye mstari mmoja ulioshuka vizuri mno.

"Mwoneni huyu wa kumi na saba," akasema, uso umemchanua. "Kidonda cha miaka mitano kimebaki sentimita mbili. Na ute wake maabara hawaoni bakteria wa maana. Nani mpimaji?"

Obed akamnyanyua Masunga mkono kwa nguvu. "Huyu hapa, ng'ombe wa maonyesho!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Daktari akampa mkono. "Kazi ya mtu makini mnaiona. Wiki ijayo nakwenda mwenyewe nimpige picha yule mama." Masunga akatabasamu. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umelowa jasho, na aliona kabisa Daktari akijifuta kwenye sketi. Hapo ndipo angesema. Mdomo aliufungua, na kilichotoka ni, "Asante, Daktari."

Hakulala usingizi wa maana siku tatu. Jumamosi, bila kumwambia mtu, akapanda pikipiki akaenda.

Hata kabla hajafika ukutani, harufu ilimpokea. Nzi walikuwa wamejaa kwenye kizingiti. Wiki tatu za mwisho mvua ilinyesha, upepo ukivuma kwingine, na yeye alikuwa akiacha vitu jiweni na kuondoka mbio. Mzee Maganga alikuwa mbali na mifugo tangu malisho ya bondeni yalipochipua.

"Mayu," akaita. "Kile kitambaa, ukikifungua, kina rangi gani?"

Ndani akasikia shuka ikivutwa.

"Mayu, nakuomba uniambie."

"Zambarau," mama akasema taratibu. "Tangu wiki ile ya tatu. Vyote ulivyoniletea vinageuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mkwe wangu? Nikusimulie wewe mguu wangu unavyooza?"

Masunga akakimbia kupanda kilima kilichokuwa na mtandao, akampigia Daktari. Alisema yote kwa pumzi moja, hakujitetea.

"Usiondoke hapo," Daktari akasema. "Nakuja na gari."

Walikuja yeye na Obed. Daktari akaingia ndani peke yake, na Masunga akasikia bandeji ikifunguliwa, kisha akasikia Daktari akivuta pumzi na kuizuia. Alipotoka hakupandisha sauti. Bora angefoka.

"Kimefika kwenye mfupa. Vidole vyeusi. Wiki nane, Masunga, ulikuwa unapima nini?"

"Sikupima."

"Na ile michoro?"

"Nilikuwa nachora tu."

Obed hakutania. Alimtazama kwa huruma, na huruma ya Obed ilimuuma kuliko kebehi zote alizowahi kuziogopa. "Si ungeniambia, mshikaji wangu," akasema. "Mimi yule si mkwe wangu. Ningekuja mimi, basi."

Hospitali walijaribu siku nne. Siku ya tano wakaukata mguu chini ya goti. Daktari Fortunata akafuta takwimu zote za Masunga, za wagonjwa kumi na mmoja. "Kumi ni za kweli, Daktari, nakuapia," akamwambia mlangoni. "Najua huenda ni za kweli," akajibiwa, "ila sasa mimi nitazijuaje?" Akamwomba kitambulisho cha mradi. Masunga akakivua shingoni, akakikabidhi kwa mikono miwili.

Na mama mkwe, akiwa angali amelazwa, akamtuma nesi amwite Daktari. Akamwambia ni yeye aliyesema mguu mzima, ni yeye aliyedanganya, kijana asifukuzwe. Masunga alikuwa koridoni, akayasikia. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Atukanwe angevumilia, hata apigwe. Kutetewa na mtu aliyekatwa mguu kwa sababu yake, lo, hilo lilimzidi.

Kija aliyasikia yote kwa Masunga jioni ile, mtoto akinyonya. Hakulia.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaheshimiana," akasema. "Yeye anakuheshimu, na wewe unamheshimu."

"Kija..."

"Mguu wa mama yangu nani aliuheshimu?"

Mama alipotolewa hospitali walimleta kwao Mazwi, kwa sababu mzee Maganga alikuwa bado bondeni na kwenye makazi hapakuwa na wa kumwangalia. Alilazwa chumba cha uani. Kija ndiye aliyekuwa akimsafisha kidonda kila siku, na Masunga akipita uani aliinamisha kichwa. Siku ya sita mtoto akaamka na homa kali. Kija akamfunga mgongoni, na mlangoni akageuka.

"Bandeji ya mama inabadilishwa saa nne," akasema. "Wewe ndiye uliyefundishwa."

Akaondoka, hakungoja kujibiwa.

Saa nne Masunga alinawa mikono mara tatu. Alichukua maji ya chumvi, pamba, bandeji, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha uani kama mtu aliyefikishwa mahakamani. Alikuwa amepanga hotuba nzima kichwani ya kuomba msamaha, na yote ikayeyuka. Akabisha.

"Mayu. Kija hayupo. Nimekuja mimi."

Alisikia kitanda kikilia, mtu akijigeuza. Kisha sauti ikamwambia, "Ingia, mkwe wangu."

Akasukuma mlango. Mama Minza alikuwa amelala chali, shuka ameipandisha mwenyewe mpaka gotini, na kipande cha mguu kilichobaki amekinyoosha kuelekea mlangoni. Usoni alikuwa amejifunika khanga, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Hakumwona Masunga, na Masunga hakumwona yeye. Kilichokuwa mbele yake ni kidonda tu, kinachongoja kusafishwa.

Masunga alipiga magoti. Mkasi ukamwanguka, akauokota, akauosha upya.

"Kumbe ilikuwa hivi tu, mayu?" akasema. "Kumbe khanga tu?"

Chini ya ile khanga mama alikuwa analia, na Masunga akaanza kufungua bandeji.